Dirisha bila fremu: programu-wavuti na upau wa juu

Fremu ya dirisha kwenye kompyuta ina kazi nne. Upau wa juu hushikwa kwa kipanya, dirisha likasogezwa. Kingo huvutwa, likapanuka au kupungua. Vitufe vitatu vya pembeni hulificha, hulitanua au hulifunga. Na jina lililoandikwa juu humwonyesha mtumiaji ni programu gani iliyo mbele yake. Kazi tatu za kwanza programu yoyote inaweza kujifanyia ikitaka. Ya nne ni ya aina nyingine, kwa sababu fremu huchorwa na mfumo endeshi au kivinjari, ilhali kila kilicho ndani yake huandikwa na mwenye programu. Programu-wavuti ikiruhusiwa kuivua fremu hiyo, mfumo au kivinjari, uliokuwa sauti ya pili kuhusu programu, haunyamazi kabisa, lakini unapoteza mahali pa kusemea.

Katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, suala hili linagusa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa ofisi za migodi na makampuni yanayoihudumia, kuanzia Kolwezi hadi Tenke na Fungurume, wanaoshinda mbele ya kompyuta zenye madirisha. Wa pili, ambao ni wengi zaidi, hawana kompyuta, na skrini yao ni simu. Kwao swali la nani anasema kwenye skrini lilifika mapema kuliko programu-wavuti, tena kwa njia isiyohitaji intaneti.

Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Kongo mwaka 2012. Mteja hupiga *1122#, kisanduku hutokea, naye huchagua kati ya faranga na dola, huandika namba ya mpokeaji na kiasi, kisha namba ya siri. Kisanduku hicho hakina nembo wala rangi. Kinachorwa na simu yenyewe, na maneno yake yanatoka kwenye mtandao wa simu. Tovuti haiwezi kujipenyeza humo. Udhaifu uko upande wa pili, kwenye ujumbe wa kuthibitisha malipo. Mtu yeyote anaweza kuandika kwa mkono maneno yaleyale ya ujumbe halisi, pamoja na namba ya muamala na salio, akautuma kutoka kwenye laini ya kawaida. Kinachoutofautisha na wa kweli ni mstari mmoja wa juu, unaotaja aliyeutuma, ambao mwandishi wa ujumbe hana uwezo wa kuubadilisha kirahisi. Mwenye kabini ya pesa za simu aliyezoea kazi, aliyekaa chini ya mwavuli wake pembeni ya barabara, haanzi kwa kusoma kiasi. Anatazama ujumbe umetoka wapi, kisha anauliza salio lake mwenyewe, na hapo ndipo anapotoa pesa. Mstari ule wa juu ni upau wa kichwa wa dirisha, umepunguzwa tu ukatosha kwenye simu ya vitufe.

Madirisha yenye upau yalitoka kwenye maabara za Xerox huko California, kwenye kompyuta ya Alto ya mwaka 1973 na Star ya 1981. Macintosh ya 1984 iliyapeleka madukani, upau wake ukiwa na mistari mlalo na kisanduku kidogo cha kufungia. Hadi hapo upau haukuwa suala la usalama. Programu zilinunuliwa zikiwa kwenye diski, na aliyeiweka programu kwenye mashine alijua ameitoa wapi.

Wavuti ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa kuwa ukurasa huja kutoka kwa mtu asiyejulikana na kuanza kufanya kazi papo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vivinjari viliuruhusu ukurasa kufungua dirisha jipya lisilo na upau wa anwani wala vitufe. Netscape ilichora mpaka: kuondoa upau wa kichwa kulihitaji msimbo uliotiwa saini na ruhusa ya mtumiaji. Internet Explorer ililegeza zaidi. Toleo lake la 5.5, la mwaka 2000, lilikuwa na amri ya kuchora mstatili usio na fremu yoyote, juu ya kitu chochote kilichokuwa kwenye skrini. Watangazaji waliichangamkia kwanza, kisha matapeli: picha ya anwani ya benki ilibandikwa juu ya upau halisi wa anwani, ikakaa sawasawa na mahali pake. Agosti 2004, katika nyongeza ya pili ya Windows XP, Microsoft iliyabana madirisha hayo. Internet Explorer 7 ya mwaka 2006 ikalazimisha upau wa anwani kwenye kila dirisha, na Firefox 3 ikafuata mwaka 2008. Uhuru ulitolewa, ukatumiwa vibaya, ukarudishwa kabatini. Wanaoudai tena leo hawaanzi kwenye ukurasa mweupe, ingawa mara nyingi huandika kana kwamba wanaanza.

Hoja zao hata hivyo si za anasa tupu. Ya kwanza ni nafasi. Kwenye kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, upau wa Windows wenye takribani pikseli 30 unakula karibu asilimia 4 ya kimo, na kimo ndicho kinachokosekana kwa anayefanya kazi kwenye jedwali refu. Chrome yenyewe, ilipotoka mwaka 2008, ilipandisha vichupo vyake vikaingia kwenye eneo la upau wa kichwa, na hakuna aliyelalamika kwamba fremu imeibwa. Kivinjari kilijipa kile ambacho kurasa zake hazikuruhusiwa.

Ya pili ni usawa na programu nyingine, na hapa ndipo Kolwezi ina sababu ya kusikiliza. Mwaka 2013 GitHub ilitengeneza mfumo ambao baadaye uliitwa Electron: msanidi huandika programu kwa lugha za wavuti, kisha huifunga pamoja na kivinjari kizima cha Chromium ndani ya kifurushi kimoja. Ndani ya Electron kuivua fremu ni suala la mstari mmoja wa msimbo. Visual Studio Code, Slack na Discord zimejengwa hivyo. Gharama yake ni uzito, maana kila programu hubeba kivinjari chake, na kifurushi kimoja huzidi kwa urahisi megabaiti 100. Mahali ambapo megabaiti hununuliwa kwa vifurushi vya siku au wiki, tofauti hiyo haipuuzwi. Programu-wavuti inayotumia kivinjari kilichopo tayari inaweza kuwa nyepesi mara nyingi zaidi. Ikinyimwa mwonekano ambao Electron inautoa bure, wasanidi wataendelea kuchagua Electron, na watumiaji wataendelea kupitishiana mafaili makubwa kwa flashi. Flashi ina hatari zake, na hakuna fremu inayozizuia.

Ya tatu haisikiki sana nje ya ofisi kubwa, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Programu nyingi za uhasibu, ghala na jiolojia hazifanyi kazi kwenye mashine ya mtumiaji. Zinakaa kwenye seva ya mbali, na picha zake zinaletwa kwa mtandao. Programu hiyo ya mbali ina upau wake na vitufe vyake. Ikionyeshwa ndani ya dirisha la programu-wavuti, panatokea pau mbili, moja juu ya nyingine, na alama mbili za kufunga zisizotengana kwa zaidi ya sentimita moja. Ya chini hufunga hati. Ya juu hukata muunganisho wote. Mhasibu anayefunga hesabu za mwisho wa mwezi akikosea alama, kosa hilo haliwezi kuitwa uzembe wake. Kuondoa upau mmoja hapo ni kurekebisha kasoro.

Ruhusa yenyewe imegawanyika kwa ngazi. Ngazi ya chini ni kichupo cha kawaida, anwani ikiwa wazi. Inayofuata ni programu-wavuti iliyosakinishwa, aina ambayo Alex Russell na Frances Berriman waliipa jina mwaka 2015: anwani huondoka, lakini upau mwembamba wenye jina la programu hubaki, na mtumiaji akihamia tovuti nyingine isiyo ya programu ile, anwani hurudi kuonekana. Mwaka 2022, kuanzia toleo la 105 la Chromium na Chrome, ikaongezwa ngazi ya tatu kwa kompyuta za mezani. Programu inayoomba katika manifesti yake, yaani faili la maelezo yake, hupewa eneo lote la upau wa juu ichore inachotaka, kama vile kisanduku cha kutafutia au menyu. Vitufe vya kufunga na kutanua hubaki mikononi mwa mfumo, vikielea kwenye pembe. Kitufe kidogo kando yake humwezesha mtumiaji kuurudisha upau wa zamani, na uamuzi ni wake. Huu ni mpango wenye busara, kwa sababu anayepoteza fremu ndiye anayeamua kuipoteza.

Kwenye Android njia ilikuwa nyingine. Tangu Chrome 72 ya mwaka 2019, programu ya dukani inaweza kufungua tovuti bila upau wa anwani ikiwa pande mbili zimekiriana: programu imeitaja tovuti, na tovuti imeweka faili linalotaja alama ya ufunguo wa programu. Upande mmoja ukikana, anwani hurejea. Hapo fremu haikuondolewa bure. Imelipiwa kwa uthibitisho unaofanywa na mashine.

Ngazi ya juu kabisa, dirisha lisilo na upau wala kitufe chochote cha mfumo, Google iliipendekeza kwa kundi dogo tu: programu-wavuti zilizotengwa, ambazo hufungashwa na kutiwa saini, haziruhusiwi kuvuta msimbo kutoka nje ya kifurushi chao, na utambulisho wao unatokana na ufunguo wa saini badala ya jina la kikoa. Kifurushi peke yake hakitoshi. Inahitajika pia ruhusa ya kusimamia madirisha. Zilianza kwenye mashine za ChromeOS zinazosimamiwa na kampuni. Kwa maneno mengine, tovuti ya kupita njiani haiwezi kuivua fremu hata ikiomba.

Je, hatari ina ukubwa gani? Utafiti wa Rachna Dhamija, J. D. Tygar na Marti Hearst wa mwaka 2006 uliwaonyesha washiriki 22 kurasa za kweli na za bandia. Asilimia 23 hawakutazama alama za kivinjari hata kidogo, na ukurasa bandia uliotengenezwa vizuri kuliko yote uliwadanganya asilimia 90. Mwaka 2012 Feross Aboukhadijeh alionyesha jinsi ukurasa unavyoweza kuingia hali ya skrini nzima na kuchora kivinjari kizima cha uongo, pamoja na anwani ya benki na alama ya kufuli. Machi 2022 mtafiti anayejiita mr.d0x alichapisha mbinu rahisi zaidi: dirisha bandia la kuingilia, lenye fremu na anwani nzuri, lililochorwa ndani ya ukurasa kama picha nyingine yoyote. Eric Lawrence, aliyefanya kazi kwenye vivinjari vya Google na Microsoft, aliandika mwaka 2017 kuhusu mpaka huo kati ya sehemu inayoaminika na isiyoaminika ya dirisha, akiuita mstari wa kifo.

Mifano hii hutumiwa na pande zote mbili. Wanaotaka ruhusa husema: watu hawaitazami fremu, na matapeli wanaichora bila kuiondoa, basi inalinda nini? Hoja hiyo inavutia kuliko inavyostahili. Dirisha bandia lililochorwa ndani ya ukurasa haliwezi kuvutwa nje ya mipaka ya dirisha halisi. Anayejaribu kulisogeza hadi ukingoni hugundua mara moja. Fremu ya nje ikiondoka, jaribio hilo la mwisho nalo linaondoka, na programu inaweza kujifanya kitu kingine chochote kwenye mashine, hata kisanduku cha mfumo kinachodai nenosiri. Aidha, wachache wanaoitazama fremu ndio wanaowaonya wengine. Ofisini anatosha mmoja.

Soko la madini la Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, linaonyesha jambo hilohilo bila kompyuta. Mchimbaji mdogo huleta mfuko wa madini kwenye depo. Mnunuzi huchukua kifaa cha mkononi kinachoitwa Metorex, jina la chapa lililogeuka kuwa jina la kifaa, anakigusisha kwenye sampuli, miale ya eksirei inapita, na skrini ndogo inaonyesha asilimia ya kobalti au shaba. Bei inafuata namba hiyo. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza kwamba wachimbaji hawakuwa na njia huru ya kuhakiki kiwango cha madini wala uzito. Mashine inaweza kuwa sahihi kabisa. Shida ni kwamba aliye na faida katika namba ndiye anayeshika kipimo, skrini na maelezo yake, na hakuna sehemu ya skrini inayoandikwa na mwingine. Kipimo cha pili, kilicho mikononi mwa mtu asiyenunua, hakiibadilishi mashine ya kwanza, lakini kinabadilisha mazungumzo.

Kwa programu-wavuti kipimo cha pili kipo, na si lazima kiwe cha macho. Kitunza nywila hulinganisha kikoa herufi kwa herufi na hukataa kujaza nenosiri mahali pasipo pake, fremu iwepo isiwepo. Funguo za kuingilia za kiwango cha FIDO zimefungwa kwenye kikoa kwa hesabu za siri. Mtumiaji hata akidanganyika, ufunguo haudanganyiki. Pale mifumo hiyo inapotumika, hoja ya kushikilia fremu hupungua uzito. Lakini pesa ya Kolwezi inalindwa kwa namba ya siri ya tarakimu chache, inayokaa kichwani, inayoweza kuandikwa mahali popote palipochorwa kisanduku. Hakuna mashine inayoizuia kuandikwa pasipofaa. Kwa hiyo mahali penye ulinzi dhaifu zaidi ndipo fremu inapofanya kazi kubwa zaidi, na sera iliyobuniwa kwa watumiaji wa California inaweza kumwacha wazi mtu wa Manika au Dilala mjini Kolwezi.

Zipo hasara nyingine ndogo. Kisoma-skrini anachotumia asiyeona husoma jina la dirisha. Msanidi anayefuta upau mara nyingi husahau kuliandika jina mahali pengine. Vitufe viko kulia kwenye Windows na kushoto kwenye Mac, na programu iliyopimwa kwenye mashine moja hugonganisha nembo yake na vitufe kwenye nyingine. Eneo la kushikia ili kusogeza dirisha hugeuka fumbo. Kwenye Linux ubishi huu una umri mrefu: tangu toleo la 3.10 la mwaka 2013 mazingira ya eneo-kazi ya GNOME yamezipendelea programu zinazojichorea pau zao, ilhali yale ya KDE hupendelea kuzichora yenyewe. Mfumo wa Qubes, uliotoka rasmi mwaka 2012, ulikwenda upande wa pili kabisa, ukaweka kuzunguka kila dirisha ukingo wa rangi ambao programu haiwezi kuugusa, rangi ikionyesha dirisha linatoka sehemu gani ya mashine. Ni ushahidi kwamba fremu ingeweza kusema mengi zaidi ya ilivyozoeleka kusema.

Masharti yanayotokana na haya yote hayalingani uzito. La kwanza ni kwamba fremu isiondolewe kabla ya tendo la makusudi la kusakinisha, na kwenye kompyuta ya watu wengi, kama ya duka la intaneti, hata usakinishaji hautoshi, kwa kuwa aliyesakinisha asubuhi siye anayeandika nenosiri jioni. La pili ni njia ya kuirudisha isiyopitia kwenye programu yenyewe. Windows NT ya mwaka 1993 ilifanya hivyo kwa vitufe vya Ctrl, Alt na Delete, ambavyo vikibonyezwa pamoja huufikia mfumo moja kwa moja na programu haiwezi kuvinasa. Mtumiaji wa dirisha lisilo na fremu anahitaji kitu cha namna hiyo, kimoja kwa mashine zote, kinachoonyesha jina na asili ya kilicho mbele yake. Saini ni la tatu. Kongo ina msingi wa kisheria hapa, kwani Kanuni ya Dijitali iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya Machi 13, 2023 inashughulikia saini za kielektroniki, watoa huduma za uaminifu na makosa ya mtandao. Saini hata hivyo humtaja mwenye programu. Haimfanyi kuwa mkweli.

Kwa masharti hayo, matumizi yanajipanga yenyewe. Skrini ya chumba cha uangalizi, iwe ya mgodi au ya kituo cha umeme cha Kolwezi kinachopokea njia ya umeme kutoka Inga yenye takribani kilomita 1,700, haihitaji alama ya kufunga ambayo mtu aliyechoka usiku anaweza kuigusa. Mashine ni ya kampuni, programu ni moja, na msimamizi anajulikana. Vivyo hivyo programu za mbali zenye pau mbili. Kihariri cha picha au cha maandishi kinatoshwa na ngazi ya tatu, vitufe vikibaki na mfumo. Chochote kinachoomba namba ya siri ya pesa kibaki na fremu, na anwani ionekane, hata kama mbunifu anaona inaharibu urembo.

Limebaki suala la mashine zenyewe. Firefox na Safari hazikuipokea ngazi ya tatu, hivyo msanidi makini huandika programu itakayosimama vizuri ikiwa na upau na ikiwa bila upau. Kompyuta za zamani zina tatizo la namna yake. Toleo la mwisho la Chrome linalokubali Windows 7 ni la 109, na matoleo ya kuanzia 110, ya Februari 2023, yameiacha. Toleo hilo la 109 linaijua amri ya kufunika upau wa juu, iliyoingia kwenye 105, lakini halipokei tena marekebisho ya usalama. Mashine ya aina hiyo itakubali kuivua fremu bila ubishi, na msanidi anayetaka kuwalinda wateja wake atalazimika kusoma namba ya toleo kwanza, kisha kuwaachia wenye 109 upau wao wa kawaida.